Mtumbwi Uliofungwa Kama Ndama

Asubuhi niliyoondoka kwetu sikuwa nimekusudia kuondoka. Nilitoka kumpeleka mtamba malishoni, na migomba ilipoisha, mahali ambapo siku zote nilikuwa nikigeuka kushoto, nikanyoosha moja kwa moja. Hapakuwa na ugomvi nyumbani wala njaa. Ukungu ulikuwa umeinuka tambarare yote ya Mwaya, ziwa likaonekana kwa mbali kama jembe lililotoka kunolewa, nikasema ngoja nikalione kwa karibu, kisha nitarudi.

Mtamba yule alikuwa wangu. Baba mdogo alinipa kwa kumchungia ng'ombe wake miaka ile baada ya sotoka kuangamiza mifugo, wakati mtu mwenye ng'ombe wawili alisalimiwa kama malafyale, chifu wetu. Kila mtu katika kijiji cha vijana wenzangu, maana kwetu vijana wa rika moja hujijengea kijiji chao, alijua mtamba yule ni wa nini. Azae, wazao wake waende kwa baba wa msichana fulani, nami nitulie. Neno hilo la kutulia nililisikia tangu utotoni. Mwalimu wa misheni alilisema siku nilipoacha shule. Nilikuwa nimeshajua kusoma na kuandika, na nilipomuuliza wino unatengenezwa na nini akanijibu kwamba hilo halimo katika somo, nami sikuona sababu ya kuendelea kuketi. Baba naye alilisema, kwa maneno yake.

"Wewe ni kitu kisichofungwa," aliniambia. "Maji yakija, utakwenda na maji."

Basi nilifika ziwani, na kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimemtoa mtamba na kupewa mtumbwi. Aliyenipa alikuwa mvuvi wa Kikisi aliyemtafutia mwanawe mke kwa watu wa bondeni, na watu wa bondeni hawapokei samaki kwa mahari. Alimtazama mtamba meno, mimi nikautazama mtumbwi ubavu, kila mmoja akajifanya anajua anachokitazama. Ulikuwa mtumbwi wa gogo moja, mrefu, mzito, mweusi kwa ndani kama chungu cha zamani. Nilipoketi ndani yake kwa mara ya kwanza ulizunguka na kutazama nyuma, kama ng'ombe anayetaka kujua ni nani huyu aliyempanda.

Pale dikoni Mwaya, mdomoni mwa mto, mahali mitumbwi inapopandishwa, watu walikuja kuniangalia. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Kikisi, muuza vyungu. Alikuwa akiletwa na vyungu vyake kutoka ng'ambo ya Matema, na akiwapo Mwaya alikaa palepale dikoni mpaka viishe, akivigonga kwa kidole kuwasikilizisha wanunuzi jinsi vinavyolia.

"Jamani njooni muone!" alisema. "Mnyakyusa kauza ng'ombe kanunua gogo! Ewe mchunga gogo, utalikamua lini?"

"Juba," nikamwambia, maana kwetu mwanamke wa umri ule ni juba, ni mama, hata akikutukana, "hili angalau halitaki majani."

"Halitaki majani. Linakutaka wewe."

Sikurudi nyumbani siku ile, wala iliyofuata. Nilijifunza kupiga kasia, nikalala katika kibanda cha wavuvi, nikawapelekea watu mizigo kuvuka mto kwa ndizi mbivu na samaki wakavu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata penye ng'ombe. Jambo moja tu lilinishinda, nalo ni kuufunga mtumbwi wanavyoufunga wao. Watu wa ziwa huuvuta mtumbwi mchangani. Wangu ulikuwa mzito, sikuweza kuuvuta peke yangu. Au huufunga kwa kamba moja ndefu na kuuacha ucheze na maji. Mimi moyo ulikataa kuiacha mali yangu icheze. Duniani nilijua kufunga kitu kimoja. Nikapigilia vigingi viwili ukingoni mwa mto, nikaufunga shingo kwa mbele kwenye kimoja na mguu kwa nyuma kwenye kingine, kwa fundo lile la kumzuia ndama asimfuate mama yake wakati wa kukamua. Fundo hilo ndama akilivuta linazidi kubana. Kamba yenyewe ilikuwa ya kwetu, ya magome, nene kama kidole gumba.

Dikoni ikawa hadithi ya kila siku. Watu walikuja asubuhi kuuliza kama gogo limelala vizuri. Wavuvi wakipita waliupungia mkono mtumbwi wangu na kuusalimu kwa lugha yetu, "Ugonile?" yaani, umelalaje? Hata askari wa forodha, mtu mrefu asiyecheka, alijikwaa siku moja kwenye kamba ya mguu, bunduki ikamponyoka, akanilaani kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale. Yule mama wa vyungu alicheka mpaka akaketi juu ya chungu kimoja kikavunjika, kisha akanilaumu mimi.

Ajali ilitokea asubuhi ya upepo wa mwera, upepo unaotoka kusini na kulirundika ziwa lote juu yetu sisi tulio mwisho wake. Nilikuwa nimeketi ukingoni na yule mama, tunakula ndizi za kuchoma. Mtumbwi wangu ulikuwa umefungwa shingo na mguu, umelala ubavuni mwa ukingo, umetulia kuliko kitu chochote pale.

Boti ya tajiri ikaingia. Ilikuwa boti ya chuma, yenye tanga moja kubwa, ya Mzungu mmoja mnunuzi wa mpira na mchele. Mwenyewe alikuwa amepanda milimani kuikimbia homa, na boti alimwachia karani wake, mtu wa pwani ya bahari. Usukani ulishikwa na nahodha wa Kikisi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya lazima. Mdomo wa mto ni mwembamba, na mwenye akili hushusha tanga kabla ya kuingia. Tulimsikia nahodha akipiga kelele.

"Tua tanga!"

Na tulimsikia karani, amesimama katikati ya boti na kanzu yake imepandishwa mpaka magotini. "Bado! Sukari yangu inalowa! Ingiza kwanza!"

"Bwana, tua tanga!"

"Ingiza, nimesema!"

Ikaingia. Iliingia kama fahali aliyeumwa na nyuki. Nahodha aliusukuma usukani kwa kifua, boti ikakwepa watoto waliokuwa wakioga, ikaja na pua yake ya chuma kwenye mtumbwi wangu, ikaubana ukingoni. Sauti yake sikuisahau. Haikuwa mlio wa mti kuvunjika. Ilikuwa kama mtu mzima anavuta pumzi. Ubavu ukapasuka kutoka puani karibu hadi katikati. Pua ya boti nayo ikakunjika, na mlingoti ukapata ufa.

Kamba zangu zote mbili hazikukatika. Nataka hilo likumbukwe.

Nahodha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka. Alikuja moja kwa moja, maji yakimfika kiunoni, akaweka kiganja chake juu ya ule ufa kama mtu anayempima mgonjwa joto. Alitaka kusema neno. Karani akamwahi kutoka juu.

"Wewe! Usiguse hiyo takataka! Rudi kwenye boti!"

Nahodha akaondoa mkono. Akarudi.

"Vibaya," mama wa vyungu alisema baadaye, tulipokuwa tumekaa kuutazama mtumbwi. Hakunitania. "Ameondoa mkono. Wewe hujui, wewe ni mtu wa ng'ombe. Kwetu aliyevunja mtumbwi hushika upande wa pili wakati mwenyewe anaushona. Si fidia, wala si maneno. Anashika tu mpaka uzi wa mwisho. Asiposhika, mtumbwi ule hatuupandi. Hata uushone uwe mzima kama yai, hakuna Mkisi atakayeweka mguu wake humo wala chungu chake."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiye wa kwanza," akasema.

Nikaelewa hali yangu. Mtumbwi ndio uliokuwa mtamba wangu, na mke wangu, na njia yangu. Nikirudi nyumbani mikono mitupu, watanipa jembe na kuniambia nitulie, nao watakuwa wamepata haki ya kulisema neno lile mpaka nife. Nikibaki na mtumbwi usiopandwa na mtu, nitakuwa kweli nachunga gogo.

Mchana karani akaniita kivulini mwa ghala. Alikuwa amebadili kanzu. Akanipa kikombe cha chai, kitu ambacho sikuwahi kukinywa, nami nikakinywa polepole nikijaribu kukumbuka kila kitu kuhusu ladha yake.

"Kijana, unajua bima?"

Sikujua. Nami nikisikia neno nisilolijua, hata kama nina hasira, hukaa chini.

"Kuna watu Ulaya," akasema. "Tajiri huwapa kitu kidogo kila mwaka. Boti ikikaa salama, wanakula wao. Ikivunjika, wanalipa wao."

"Wameiona boti?"

"Hawajaiona."

"Wanamjua tajiri?"

"Wanajua jina lake."

"Na ikivunjika wanakuja kumlilia?"

"Walie nini? Wanalipa."

"Na wengine, wale ambao boti zao hazikuvunjika. Hawaoni uchungu, kitu chao kwenda kutengeneza boti ya mtu wasiyemjua?"

Karani akanitazama kana kwamba ndama amemsalimu. "Wewe ungekuwa karani mzuri," akasema, "kama usingekuwa mshenzi."

Nilikipenda kitu kile cha bima, sisemi uongo. Nimetembea nchi nyingi tangu siku ile na bado nakipenda. Na hakikuwa kigeni kama karani alivyodhani. Kwetu mtu mwenye akili hakuwaweka ng'ombe wake wote penye zizi moja. Alimpa rafiki wa kijiji kingine mmoja amtunzie, naye akatunza wa rafiki, ili sotoka ikiingia huku, kule kubaki mkia mmoja wa kuanzia. Bima yetu ilitembea kwa miguu minne na ilijulikana kwa rangi. Tofauti ni kwamba ng'ombe akifa, yule rafiki alikuja na ngozi yake begani, akaketi nawe chini. Nilitaka kumweleza karani hayo yote, lakini alikuwa ameshatoa karatasi.

"Hawa watu wa bima," akasema, "wanalipa ajali iliyotoka kwa Mungu au kwa mtu mwingine. Uzembe hawalipi. Sasa sikiliza." Akasoma kwa sauti nzuri, maana alikuwa na sauti nzuri. "Mtumbwi usiofungwa, ukiwa umechukuliwa na maji, uliigonga boti iliyokuwa imetulia." Akaweka karatasi chini. "Tia alama yako hapa. Tajiri atapata boti yake. Na wewe nitakupa seremala na mbao, utengenezewe mtumbwi kuliko ule. Zaidi ya hayo, boti ikipona utapanda. Ubaharia. Utakwenda hadi mwisho wa ziwa."

Alijua alichokisema, mtu yule. Alikuwa ameniona dikoni nikiwauliza wavuvi kusini kuna nini. Hadi mwisho wa ziwa! Mpaka leo nikiyaandika maneno hayo nyayo zinaniwasha. Hakuna mtu aliyewahi kuninunua kwa bei iliyokaribia bei yangu halisi kama karani yule.

"Soma tena lile la kufungwa," nikasema.

"Mtumbwi usiofungwa."

"Ulifungwa."

"Kijana, ni neno tu."

"Kama ni neno tu, andika kwamba ulifungwa."

"Nikiandika hivyo hawalipi."

"Basi si neno tu, bwana karani."

Nikaweka kikombe chini. Ningeweza kusema mengi kuhusu kweli na uongo, kama mwalimu wa misheni, lakini si hayo yaliyokuwa moyoni mwangu. Moyoni nilimwona baba. Maisha yangu yote watu walikuwa wameniambia mimi ni kitu kisichofungwa, na kitu kimoja nilichowahi kukifunga, kwa mikono yangu, kwa fundo la kwetu, huyu alitaka niandike kwa mkono wangu mwenyewe kwamba sikukifunga.

"Sitii alama," nikasema. "Na mtumbwi siuondoi pale ulipo."

Pale ulipokuwa ndipo boti hupakulia mizigo. Bila kuuondoa mtumbwi wangu, mizigo ya tajiri ingebidi ipitishwe kwenye matope. Nikaenda nikaketi ndani yake, miguu katika maji yaliyoingia, nikala ndizi yangu iliyobaki.

Karani alianza kwa kucheka. Kisha akanitukana, mimi na migomba yetu yote. Kisha akaenda forodhani, akarudi na yule askari mrefu. Watu wakajaa. Nilimwona nahodha kwenye pua ya boti, amejifanya anakunja tanga ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Huyu," karani akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "aliacha mtumbwi wake ukielea ovyo, umeivunja boti ya Mzungu, na sasa anaziba njia. Mkamate."

Askari akanitazama. Akautazama mtumbwi. Akatazama chini, akaiona kamba ya mguu, bado imekaza kwenye kigingi chake, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

"Huu ndio ule mtumbwi wa ndama?" akauliza.

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko wanachokizuia.

"Ndio wenyewe, afande," mama wa vyungu akajibu. "Shingo kule, mguu hapa."

"Bwana karani," askari akasema, "unasema ulikuwa ukielea?"

"Ulikuwa ukielea."

"Kwa kamba hii?" Akaipiga teke. Kigingi hakikutikisika. "Kamba hii iliniangusha mimi. Mimi, na bunduki ya serikali. Nimeilaani kamba hii kila siku nikipita. Kama ingefunguka hata siku moja ningefurahi."

Hapo kicheko kikafumuka. Kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema yeye huusalimu mtumbwi ule kila asubuhi na siku zote anaukuta kitandani. Mwingine akasema tembo angefungwa hivyo angekufa kwa njaa. "Gogo la Mnyakyusa likatembee bila ruhusa!" mama wa vyungu akapaza sauti. "Siku zote tumelicheka kwa kuwa haliwezi kutikisika, leo tuambiwe limekimbia?" Kejeli zote nilizozila pale dikoni, moja baada ya nyingine, zilisimama upande wangu. Nami nilikaa ndani ya maji nikizisikiliza, nikaziona tamu kuliko chai.

Askari akamwambia karani kwamba kama anataka mtu akamatwe, kwanza aeleze nani alisema "ingiza" wakati nahodha anasema "tua". Akaondoka, akiinua mguu juu sana kuivuka kamba.

Msidhani hapo mambo yaliisha. Karani hakuleta seremala wala mbao. Alituma karatasi yake bila alama yangu, na watu wa Ulaya walijibu nini, au kama walijibu, sikupata kujua. Mimi nilibaki na kicheko cha watu wote na mtumbwi uliopasuka. Nilimwambia mama wa vyungu kwamba nitaushona kwa ngozi ya ng'ombe, kazi ninayoijua.

"Ngozi ikilowa hugeuka ng'ombe tena," akasema. "Itanyooka yote, uzame. Tafuta mwanzi."

Akanielekeza. Nilipata mwanzi kutoka kwetu bondeni, nikaupasua vipande vya kulaza juu ya ufa, ndani na nje. Nilitafuta nta ya nyuki na nyuzi za magome. Nilichoma matundu kwa chuma cha moto kutoka jiko lake yeye. Yote hayo aliyafanya pamoja nami, akinitukana vizuri, lakini nilipomwomba ashike upande wa pili ili nianze kuvuta uzi, aliweka mikono nyuma.

"Si mimi niliyevunja."

"Basi nitafanyaje, juba? Mvunjaji yuko kwenye boti anakunja tanga."

"Anza," akasema. "Anza kushona vibaya. Mtu wa ziwa hawezi kuangalia mtumbwi unashonwa vibaya."

Nikaanza. Nilikuwa nimeukabili ubavu peke yangu, nabana mwanzi kwa goti, navuta uzi kwa meno, na kila nilipokaza huku kule kulifunguka. Jua lilikuwa kali, diko limejaa, karani ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa ghala. Sikuinua macho. Niliapa moyoni kwamba nitaushona hivyo hivyo, usipandwe na mtu, nitaupanda mimi, nizame mimi, lakini nitazama katika mtumbwi wangu.

Ndipo mwanzi ulipotulia. Nikaona mikono miwili mipana imeshika upande wa pili.

"Usivute kwa meno," nahodha akasema. "Yatakutoka."

Karani alikuwa ameshasimama. "Nahodha! Nimekwambia usiguse! Ukishika hapo unasema wewe ndiye uliyegonga! Unajua unamwambia nini tajiri?"

"Najua ninachosema."

"Nani anakulipa? Mkono huo ni wa kazi ya tajiri!"

Nahodha hakugeuka. Alikuwa ameubana mwanzi mpaka misuli imesimama. "Usukani ni wa tajiri, bwana," akasema. "Uko palepale, nimeuacha. Mkono ni wangu."

Karani akamwambia asikanyage tena boti ile. Nahodha akaniambia nikaze uzi. Tulishona mimi nikivuta, yeye akishika. Hakuniomba radhi, nami sikumpa. Tulipofika uzi wa mwisho alitia nta kwa kidole, akaisugua mpaka ikaingia, akanawa mikono mtoni. Mama wa vyungu wakati huo alikuwa ameshaanza kupakia vyungu vyake, bila kuuliza nauli.

"Ndaga," nikamshukuru nahodha.

"Unavuja kidogo," akajibu. "Mwache juba akombe maji."

Akapanda nasi, maana kwao na kwa yule mama ni upande mmoja, na kazi hakuwa nayo. Nilisikia baadaye kwamba karani alituma mtu kumbembeleza arudi, kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kuipitisha boti mdomoni mwa mto wakati wa mwera. Lakini siku ile aliketi nyuma yangu na kunifundisha kupiga kasia bila kugongagonga ubavu. Nilifungua vifundo vyangu viwili. Vilikuwa vimebana mno hata nikatumia jiwe. Watu wa diko wakauaga mtumbwi: "Gogo, safari njema! Usisahau kwenu!"

Tulifuata ufuko kuelekea mashariki. Mchanga wa Matema ukapita, mweupe, na watu wakianika samaki. Kisha tambarare ikaisha ghafla kama mkeka uliokatwa kwa kisu, milima ikashuka yote ndani ya maji, pasipo nafasi hata ya kupitisha ng'ombe mmoja. Sikuwahi kuona nchi ambayo ng'ombe hawezi kukaa. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Mama alikomba maji kwa chungu kilichovunjika mdomo, akiimba, na kila alipomwaga aliniambia jina la jiwe fulani au la kijito, kwa sababu nilikuwa nimeuliza na nisingeacha kuuliza.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa tulipofika kwao. Kilikuwa kijiji kidogo kati ya jabali na maji, nyumba zimepangwa kama vyungu kwenye rafu, na mbele ya kila nyumba udongo unakandwa. Wanawake wakashuka kupokea mzigo. Waliutazama ule ufa mrefu ulioshonwa, wakasita, hakuna aliyeugusa.

"Nani alishika?" bibi mmoja akauliza.

"Mimi," nahodha akasema.

Basi. Wakaingia majini, wakaanza kupakua, mmoja akakaa kabisa juu ya ukingo wa mtumbwi wangu huku akipangua vyungu.

Bibi yule akanigeukia. Alikuwa mama mkwe wa yule muuza vyungu. "Na huyu ndiye nani?"

"Mchunga gogo," mkwewe akajibu. "Hana pa kulala."

"Anakwenda wapi?"

"Mwulize mwenyewe. Hata yeye hajui."

"Nitaondoka nikishajua vyungu vinachomwaje," nikasema.

Bibi akanionyesha kibanda cha vyungu vilivyokauka, vinavyosubiri moto. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja aliyenyooka kati ya safu mbili. Akaniambia nikijigeuza usingizini nikavunja hata kimoja, nitashika upande wa pili. Nikamwambia chungu kikivunjika hakishonwi. Akasema ndiyo, kwa hiyo nisijigeuze.

Kabla sijaingia nilirudi majini. Wanaume walikuwa wameshauvuta mtumbwi wangu nusu mchangani, wanavyofanya wao, na kwao ulikuwa umetosha hivyo. Nikatafuta mawe mawili mazito. Watoto wa kijiji wakaja kuona, kisha mama zao, kisha nahodha, akiwa na samaki mkononi. Nikafunga shingo. Nikafunga mguu. Nikalivuta fundo mpaka likalia.

"Wewe," nahodha akasema, "huo hauendi popote."

"Najua," nikasema, nikaenda kulala.